Barua Yenye Jina la Mtu

Basi lilikuwa halijatoka hata kituoni Cuenca, na Eulalia alikuwa ameshamweleza yaliyomsibu jirani yake wa kiti, kijana asiyemjua aitwaye Wilman. Kampuni ya matangazo ilikuwa imeyasimamisha matangazo kwenye tovuti yake ya mapishi tangu mwezi uliopita, bila kumwambia kosa lake. "Nimewaandikia mara kumi na moja," alisema. "Kila mara mashine inanijibu kwamba barua imefika."

"Yangu ya ratiba za mabasi nayo waliisimamisha," alisema Wilman. "Ila mimi walinijibu, mama. Siku ya pili tu."

Wivu ulimkaba Eulalia. Yeye alikuwa ameandika kwa adabu zote, mpaka akawasalimia na familia zao. "Ulijibiwa na mtu? Mtu mwenye jina?"

"Anaitwa Graciela." Akamsogezea simu.

Eulalia aliisoma barua hadi mwisho, kisha akairudia. Graciela alisikitika sana, lakini tovuti ilikuwa imefungiwa maisha na rufaa haipokelewi.

"Basi huna lako tena hapo," alisema Eulalia.

"Sina. Wewe angalau bado una matumaini."

"Matumaini kaa nayo wewe," alisema, macho yangali kwenye lile jina. "Mimi nipe huyo Graciela anifukuze."

Wilman alicheka, akidhani ni mzaha. Basi liliposimama Azogues alinyoosha mkono apewe simu yake ashuke, na Eulalia alikuwa hajamaliza kunakili anwani ya Graciela.