Ersilia Gandolfi, Mwenye Kumi na Saba

Baba Paroko, ndugu, majirani, na ninyi wa Chama cha Magari cha Rocca Serla mliosimama kule nyuma kana kwamba mna haraka ya kutoka, familia imenituma mimi Tullio, mtoto wa kaka yake, niwasomee maisha ya shangazi yetu Ersilia Gandolfi, na imenionya nisome polepole, jambo ambalo yeye mwenyewe hakuliweza hata siku moja.

Shangazi Ersilia alizaliwa tarehe 4 Machi 1931 hapa hapa Rocca Serla, katika milima ya Parma, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Amedeo, aliyekuwa akisomba maziwa kupeleka kiwanda cha jibini, na mama Cesira, aliyeogopa radi, paka weusi, na zaidi ya vyote namba kumi na saba, kama tunavyoiogopa wengi wetu humu ndani, maana nimeitamka sasa hivi na nimeona mikono ikitafuta chuma cha kugusa kufukuza mkosi, na wanaume wengine wakigusa penginepo, Baba Paroko atatusamehe.

Alisoma shule ya msingi ya hapa kijijini kuanzia mwaka 1937 hadi 1942, kisha akapelekwa Parma kwa masista ajifunze kushona, akarudi baada ya miezi michache akiwa hajui hata kukunja upindo, na mwaka 1946, kaka zake wakiwa bado hawajarejea kutoka vitani, baba yake akamkabidhi lori la maziwa, akawa anashuka mlima huu kila alfajiri na madebe yakigongana nyuma, na siku akimwaga maziwa alikosa chakula cha jioni, kwa hiyo kona zote za barabara yetu alizijua kwa tumbo lake.

Tarehe 12 Septemba 1953, mbele ya altare hii, alifunga ndoa na Nello Squarcia, fundi wa gereji, mtu mpole wa maneno machache, ambaye zawadi yake kwa bibi harusi ilikuwa gari dogo jekundu la mashindano, aliloliunga mwenyewe kutokana na magari matatu yaliyokufa.

Mwezi Mei 1955 Shangazi aliingia katika baa ya Talamini, ilipobandikwa orodha ya mashindano ya magari ya kupanda mlima, akaomba kuandikishwa, na mwenyekiti wa chama wakati huo, Mhandisi Ottorino Talamini, akamjibu kwa adabu zote kwamba nafasi arobaini zimejaa, labda mwakani. Shangazi akasogea ukutani, akaisoma orodha, akaona kwamba baada ya kumi na sita inakuja kumi na sita B, kisha kumi na nane, kama ilivyokuwa tangu mashindano yaanze.

“Nafasi ipo,” alisema. “Kumi na saba haina mwenyewe.”

“Mama, hiyo si nafasi! Hilo ni shimo!”

“Basi nipe hilo shimo. Nitalipita kwa gia ya pili.”

Baa nzima ikaangua kicheko, na Mhandisi, akitaka kicheko kiendelee, akamwandika.

Kicheko kiliisha Jumamosi yake, mchoraji wa namba alipoambiwa namba ya gari akafunga makopo yake ya rangi na kwenda zake, na Nello alipojaribu mwenyewe akaishia kulizunguka gari na brashi mkononi, ndipo Shangazi akamnyang’anya brashi akaichora namba ile nyeupe juu ya mlango mwekundu, saba yake ikiwa imeinama kama mtu aliyeegemea ukuta, na dereva wa kumi na nane alipokataa katakata kusimama nyuma yake kwenye mstari, ikabidi dereva huyo apelekwe mwishoni, na Shangazi akapanda akafika wa nane, akateremka, akauliza kwa nini watu wamenyamaza.

Mwaka uliofuata mvua ilinyesha, na kwenye kona ya kanisa dogo gari likateleza likaingia mtaroni, mkono wake wa kushoto ukavunjika mara mbili, na kijiji chote kikasema kwa sauti moja, “Tulisema!” Bibi yetu Cesira alimfuata hospitalini na kipande cha chuma mkononi, akilia.

“Mwanangu, chukua nyingine. Namba ziko tele.”

“Mama, aliyeniangusha ni tairi bovu. Tairi nitabadilisha.”

Mwaka 1957, mkono ukiwa haunyooki vizuri na hautanyooka tena, alirudi na namba ileile akawa wa tatu.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Daria aliyezaliwa mwaka 1958 na Olindo mwaka 1961, na miaka yote hiyo miwili Shangazi alibaki nyumbani kunyonyesha, na miaka yote miwili orodha ya chama ikarudia kumi na sita B, bila mtu kuuliza. Hapo ndipo alipoelewa kwamba asipokwenda yeye, namba ile itakufa, na toka hapo kila Machi alishuka kwa miguu hadi baa ya Talamini kuiomba upya, kwa sababu alimwona mama yake akiishi maisha yake yote akijipunguzia, tarehe hii hasafiri, meza ile haketi, mlango ule hafungui, na alisema hofu ukiipa kiti kimoja itataka na kitanda.

Kuanzia mwaka 1962 alikuwa mwalimu wa udereva, na nusu yenu mliomo humu mmewahi kupigwa na yeye kofi la mkononi kwa kukanyaga klachi vibaya. Nello alitutoka ghafla kwa ugonjwa wa moyo tarehe 9 Novemba 1974, na tulipokuwa tukitoka makaburini mtu mmoja, ambaye yu hai na yumo humu, alinong’ona, “Ni kumi na saba hiyo.” Shangazi alisikia, na wiki iliyofuata Daria alimkuta gerejini akiipaka namba rangi upya, machozi yakimdondoka juu ya brashi, na hakuacha kupaka.

Mashindano yalisimama miaka kadhaa, yakafufuliwa mwaka 1988 kwa ajili ya magari ya zamani, naye akaendesha hadi mwaka 2009, na hata baada ya hapo alikwenda kila Machi kumwombea namba dereva yeyote mgeni asiyejua mambo yetu.

Januari mwaka huu wa 2024 alipatwa na kiharusi kilichomwondolea nguvu za mkono wa kulia na karibu maneno yote, na tarehe 20 Mei viongozi wa chama walimtembelea hospitalini na maua, kwa nia njema, tunajua, wakamwambia, “Bibi Ersilia, tumeamua kukuenzi. Kumi na saba haitavaliwa tena na mtu yeyote.” Yeye, aliyehangaika asubuhi nzima kuomba maji, akasema wazi kabisa, “Kwa hiyo mmeshinda.” Wakacheka, wakambusu kwenye paji la uso, wakaondoka.

Mjukuu wake Marzia, binti wa Daria, hakucheka. Ninyi mnamjua, anashindana kwa namba thelathini na moja, na kila bibi yake alipotaja namba yake, Marzia alishika funguo mfukoni, kama sisi wote. Bibi hakumwomba kitu, alimtazama tu, hadi alipofariki alfajiri ya Jumapili, tarehe 2 Juni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea chakula, na wanafunzi wake wote wa udereva, na inakishukuru chama kwa heshima kiliyotaka kumpa, lakini inairudisha heshima hiyo, kwani jana Marzia alishuka kwa miguu hadi baa ya Talamini, akaziachia funguo mfukoni, akaomba namba ile, akaandikwa kwa mashindano ya Jumapili, na leo asubuhi amechora mlango wa lile gari jekundu mlilolipita pale nje, saba ikiwa imeinama.

Lala salama, Shangazi. Jumapili hii kumi na saba ina mwenyewe.