Sumaku, Aliyebana Fuwele kwa Almasi

Dada yetu, ambaye nyumbani aliitwa Sumaku, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi cherehani. Jina lilimganda tangu alipoanza kuokota pini za baba kwa sumaku ya redio mbovu, akakataa katakata kuirudisha.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha sekondari ya bweni. Mwaka 1986 alihitimu udaktari wa fizikia, mwanamke pekee darasani.

Maisha yake ya kazi yalipita katika maabara ya chuo, chumba cha chini kisicho na dirisha. Alikuwa akipika fuwele kwenye tanuri. Ndani ya fuwele hizo atomu ni kama sumaku ndogo, na zikipoa hujipanga: moja huelekea juu, jirani yake chini. Alitaka kujua ni nini huvunja mpangilio huo. Fuwele nyingine alizibana katikati ya almasi mbili. Nyingine alizitoa baadhi ya atomu, akaweka ndogo zaidi ili fuwele ijibane yenyewe. Aliamini matokeo yatakuwa yale yale, na kwa miaka sita alikosea. Zilizobanwa zilishika mpangilio, zilizowekewa atomu ngeni zikaupoteza. Alikiri kosa mbele ya wenzake bila kujitetea. Mchana alikula peke yake akizisemesha mashine, nasi tukamtania kwamba hao ndio mashemeji zetu.

Tarehe 4 Agosti 1995 aliolewa na mpima ardhi aliyefiwa na mke, mwenye binti mdogo. Binti alimwita "Dokta". Jioni moja Sumaku alipanga vijiko mezani kumweleza kazi yake: ukibana, atomu zote husogea pamoja, ukibadilisha moja, jirani zake huvurugika. Binti akakitazama kiti cha marehemu mama yake.

"Basi bora sisi tungebanwa tu."

Ilimuuma Sumaku, lakini hakumlaumu. Hakukikalia kiti kile, wala hakudai kuitwa mama, ingawa alitamani sana. Mumewe alipofariki mwaka 2011, nyumba ilinyamaza. Binti alipiga simu mara mojamoja, salamu fupi.

Mwaka jana Sumaku aligundulika na saratani ya kongosho. Alikwenda matibabuni peke yake, akatuambia hajambo, nasi tukaamini. Asubuhi ya tarehe 17 mwezi huu binti alifika wodini alikolazwa. Muuguzi akamuuliza yeye ni nani wa mgonjwa.

"Ni mama yangu," alisema. "Naomba niingie."

Sumaku hakusikia, fahamu zilikuwa zimeshamtoka. Alifariki saa sita mchana, mkono wake ukiwa umeshikwa.

Ameacha kaka wawili na binti mmoja. Mungu ampumzishe kwa amani, na huko aliko asiwe peke yake.