Mzee Joram Wafula Wepukhulu na Reli ya Sebuleni

Mzee Joram Wafula Wepukhulu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Chwele, Bungoma, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Wakhisi na Mama Naswa. Alisoma hadi kidato cha pili, karo ilipokwisha.

Mwaka 1972 alikuja Kisumu, akaajiriwa kama fundi umeme katika karakana ya reli. Alifanya kazi hiyo kwa miaka thelathini na minne, na kila kifaa alichokitengeneza alitaka kwanza kujua kwa nini kiliharibika.

Tarehe 9 Desemba 1978 alifunga ndoa na Seline Anyango wa Kombewa. Walijaliwa watoto wawili, Sylvia na Frankline.

Baada ya kustaafu alikuta treni ndogo ya umeme kwenye mitumba ya soko la Kibuye. Aliijengea reli juu ya mbao za plaiwudi, ikazunguka sebule nzima. Hata hivyo, kila ilipofika kona ya mbali na transfoma iliyoipa reli umeme, treni ilipunguza mwendo na taa yake ikafifia. Mzee alifungua injini mara tatu. Waya hakuzishuku.

“Waya nimefunga mimi mwenyewe!” alisema.

“Baba Sylvia, hiyo injini unaisumbua bure,” Mama Seline alimjibu. “Kwetu Kombewa bomba ni moja, nyumba ya mwisho inapata matone. Umeme yako pia inaishia njiani.”

Mzee alichukua mita ya umeme, akapima. Karibu na transfoma kulikuwa na volti kumi na mbili. Kwenye kona, saba. Alicheka mpaka akakaa chini.

Wakati huo, mwaka 2023, kisukari kilikuwa kimeanza kumnyima macho, na daktari alisema hayatarudi. Mzee alitaka jambo moja: kuiona treni ikizunguka bila kulegea kabla giza halijaingia. Alipitisha waya mbili nene chini ya mbao, kisha kila nusu mita akapandisha waya nyembamba hadi kwenye reli, ili umeme ufike kila kona bila kupungua. Rangi hakuweza tena kuzitofautisha.

“Nyekundu hiyo,” Mama Seline alimwambia.

“Una hakika?”

“Nimeuza nyanya Kibuye miaka thelathini, Baba Sylvia. Nyekundu naijua.”

Waya ya mwisho iliungwa tarehe 6 Oktoba 2024. Jicho lake la kushoto lilikuwa bado linaona mwanga.

“Naiona taa,” alisema. “Iko kwa kona, na inawaka vile vile.”

“Basi umemaliza.”

“Bado. Sasa nataka kujua zikiwa treni mbili itakuwaje.”

Januari mwaka huu figo zilidhoofika, akalazwa hospitalini Kisumu. Huko alimwuliza muuguzi ni nini kinachopima matone ya dripu, akasikiliza jibu lote. Alituacha tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, Mama Seline Anyango, watoto, Sylvia Nakhumicha na Frankline Wechuli, wajukuu watano, na dada yake, Agneta.

Mungu ampe pumziko la amani, na amjibu maswali yake yote.