Cha Kutandika Chini, Kilimanjaro

Ukitaka kujua urefu wa mlima usimuulize aliyeupanda, maana huyo bado anatafuta pumzi. Nenda Miembeni, Bukoba mjini, ukae kwenye benchi la mbele ya duka la Mzee Rasiklal. Mwaka ule wa 1987 mahandaki ya kujikinga na ndege za vita yalikwishaota magugu, na ule ukimwi ambao watu bado waliuita Juliana ulikuwa umelipunguza benchi mpaka mtu akaweza kunyoosha miguu, jambo ambalo hakuna aliyelifurahia. Walibaki Muharami, mwenye dele la kahawa na vikombe. Clavery, mgambo wa zamani aliyeitwa Komandoo kwa kufika Masaka, ng'ambo ya mpaka, wakati wa vita. Na Gamaliel, dereva wa lori, ambaye miaka kumi mfululizo alikuwa akisimulia alivyopanda Kilimanjaro hadi kileleni, ndiyo maana akaitwa Kibo. Jina hilo alilipenda kuliko la ubatizo.

Asubuhi moja ilimleta Jovita, mwalimu wa darasa la tano kutoka Ijumbi, kule Muleba. Alishuka kwenye basi, akavuka barabara moja kwa moja hadi benchini.

— Shikamooni, waitu. Ta Gamaliel ndiye yupi?

— Marahaba, mwanangu. Ndiye huyu, alisema Gamaliel, akivuta tumbo ndani.

— Walimu kumi tumechaguliwa kupanda Kilimanjaro. Tutalala kwenye mahema. Mifuko ya kulalia watatupa, ila cha kutandika chini kila mtu aje nacho. Nimeambiwa wewe umelala kule.

Gamaliel alikiweka chini kikombe chake cha kahawa. Wasikilizaji wake wote wa miaka kumi walikuwa watu wasiopanda chochote zaidi ya mgomba.

— Nimelala, alisema. Kwa kweli chini huhitaji kitu. Kilimanjaro ni volkano. Baridi inatoka juu kwenye theluji, lakini chini kuna moto. Unalala kama andazi, juu pabichi, chini pameiva.

— Maawe! alisema Clavery. Kibo, umechemka! Mwalimu, chukua ngozi ya ng'ombe. Masaka nililalia ngozi yenye mafuta yake bado, baridi ikawa inateleza. Mpanda ngazi hushuka!

— Methali hiyo inaingiaje hapo? aliuliza Muharami.

— Atapanda, atashuka. Haiingii wapi?

Mzee Rasiklal alikwishatoka dukani. Hakuwahi kusema kitu hakipo tangu baba yake afungue duka lile.

— Ipo, mwalimu! Godoro la hewa ipo, godoro la sponji inchi nne ipo. Ngoja.

Akaleta yote mawili. La hewa lilikuwa la kuogelea, lenye picha ya samaki anayecheka, lililoletwa zamani kwa ajili ya wageni wa ufukweni. Muharami alilipuliza mpaka macho yakamtoka.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema akihema.

— Hilo ndilo, alisema Clavery, akiiacha ngozi yake papo hapo. Kule juu hewa ni haba, kwa hiyo mwenzako akikosa pumzi, wewe unafungua godoro unavuta.

— Na nikishavuta nalalia nini?

Clavery aligeukia kikombe chake.

Gamaliel aliona nafasi ya kujirudi bila kuonekana anarudi. Alilipapasa lile la sponji, nene na laini kama mkate wa Pasaka.

— Hata hivyo, kwa mwanamke, mimi ningesema hili. Inchi nne! Baridi itachoka njiani.

Jovita aliliweka godoro la sponji kwenye saruji ya baraza, akapiga goti moja juu yake, akaingiza kiganja chini.

— Mnaona? Goti limefika sakafuni. Inchi nne ziko pembeni, mahali nisipolala. Penye nyonga pamebaki karatasi.

— Sasa wewe, Muharami alisema, haya ya sakafu umesomea wapi? Chuo cha ualimu?

— Misibani, Ta Muharami.

Jovita alisimama, akakung'uta vumbi la goti.

— Kwetu mfiwa halali kitandani, na sisi tunaokwenda tunalala naye chini. Mwaka huu peke yake nimelala chini kwenye misiba kumi na mmoja. Nyumba iliyotandikwa nyasi kavu, zikashindiliwa vizuri, unaamka mzima. Nyasi zikiwa laini sana zinalala kabla yako. Na saruji tupu inakunywa joto lako usiku kucha, asubuhi hujui kama umefiwa wewe au umekufa wewe. Msiba wa Ma Kokubanza nilipewa godoro la hewa kama hili. Hewa ya ndani ilipoa, ikawa kama nimelalia mtungi wa maji.

Gamaliel alimtazama yule msichana, mwembamba, viatu vya raba vyenye vumbi la Muleba, akajikuta anataka kuvua kofia. Yeye kwenye misiba kama hiyo alikuwa akilala kwenye lori, akisema analinda betri.

— Mzee Rasiklal, Jovita aliuliza, huna kitu kigumu? Kitu kinachokaa kama nyasi zilizoshindiliwa?

— Ipo, alisema Mzee Rasiklal, lakini safari hii kwa aibu. Si ya kuuza. Ni takataka tu ya kufungia mlango.

Ilikuwa sponji ngumu ya kijivu, ndefu, unene wa kidole, iliyokuja imezungushiwa mashine fulani ya hospitali. Clavery aliicheka: mbona nyembamba kama chapati ya jeshi? Jovita alipiga goti, akaingiza kiganja. Goti halikufika. Akamwaga kahawa ya Gamaliel juu yake. Ikabiringika, ikaanguka pembeni, sponji ikabaki kavu.

— Kumbe! alisema Mzee Rasiklal. Miaka miwili mimi nafungia mlango na dhahabu.

— Mwalimu wa walimu, alisema Muharami, akamjazia kikombe.

Jovita hakukishika. Alikuwa akimtazama Gamaliel.

— Ta Gamaliel, darasani kwangu wako watoto thelathini na wanane. Kumi na tisa wamefiwa na mama au baba. Nilipowaaga hawakuuliza nitawaletea nini. Waliuliza nitarudi siku gani. Nimewatajia siku. Kwa hiyo niambie kweli: wewe ulipolala kule juu, unene kama huu ulikutosha?

Swali lilikuwa hilo tu. Ndiyo au hapana. Gamaliel alifungua mdomo, na ndiyo ilikuwa pale mlangoni imekwishavaa viatu.

— Sijui, alisema.

— Umesahau?

— Sikupanda, mwanangu. Nilipeleka saruji Marangu, mara mbili. Mlima ulikuwa na mawingu. Hata kuuona sikuuona.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimchoma zaidi. Jovita aliitikia kwa kichwa polepole, kama anayesahihisha daftari na kukuta jibu lisilotarajiwa lakini sahihi.

— Basi nichukue mbili, nizipandanishe, alisema. Mzee, kata ya pili. Na asante, Ta Gamaliel. Ungesema ndiyo, ningechukua moja.

Alizikunja, akazifunga kwa kamba ya mgomba, akaziweka begani, akawahi basi. Lilipopotea kwenye kona, Muharami na Mzee Rasiklal waligeuza shingo, polepole, kumwelekea Clavery.

— Komandoo, alianza Muharami. Ile Masaka...

— Kahawa imekwisha, alisema Clavery, amekwishasimama.

Muharami alilinyanyua dele kwa mikono miwili. Lilikuwa zito.