Paka wa Zamu

Benchi ya Charlotte iko mahali njia ya kisimani inapokutana na njia ya sokoni, hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, ikitazamana na cherehani ya Cishahayo. Ni ubao mmoja juu ya matofali, na kila asubuhi hukaliwa na watu wale wale. Charlotte, mwenye birika la kahawa, wanamwita Prezida, kwa sababu ndiye aliyeanzisha likelemba ya paka: nyumba nne, paka mmoja, na kila Jumamosi paka anahama nyumba kama pesa za mchezo zinavyohama mikono. Panya wa hapa hawana adabu. Walimlia Cishahayo gauni la bibi arusi kuanzia kwapa hadi pindo, na tangu hapo yeye hajakosa zamu yake hata mara moja. Honoré anaitwa Dokta, maana kule Uvira aliwahi kutembeza vidonge kwenye begi. Mulenda ni Redio, na ukikaa naye kidogo utajua kwa nini. Cishahayo mwenyewe ni Sentimetre, fundi ambaye hupima neno kabla ya kulisema kama anavyopima kitambaa kabla ya kukikata. Asubuhi hiyo alikuja kwenye benchi mkono wa kulia ukiwa mfukoni, akapokea kikombe kwa mkono wa kushoto.

— Sentimetre, leo unapokea na kushoto? Charlotte akamwuliza. Mama yako angekuona!

— Unisamehe, Prezida. Ule mwingine umechoka.

Akanywa kidogo. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya uzi:

— Ile siku ya sindano za wanyama, ile gari ya Dowa ilikuja na mikro ya kutangaza kwa kiwanja… nani alipeleka paka?

— Dokta, Mulenda akajibu bila hata kugeuka. Ilikuwa zamu yake.

— Zamu yangu? Honoré akaweka kikombe chini. Ilikuwa Jumamosi, bana! Jumamosi jogoo akiwika, paka si wangu tena. Nilimuweka mu kitunga, nikafunika muzuri, nikamupeleka kwa mulango yako.

— Kwa mulango, ndiyo. Lakini mi nilikuwa sijapokea. Kupokea ni kumupa usipa ya kwanza na mukono. Prezida, njo sheria ao si sheria?

— Njo sheria, Charlotte akakubali. Bila samaki, hakuna kupokea.

— Unaona? Na mi nilikuwa nimeenda Dowa kutafuta mahindi. Nilirudi jua linazama, nikamupa usipa, nikapokea. Gari ya sindano ilikuwa imeshaenda.

— Sasa toka jogoo mpaka jua kuzama, Honoré akauliza, paka alikuwa wa nani?

— Wa kitunga.

Wakacheka. Cishahayo naye akacheka, lakini aliacha kabla yao.

— Basi hakuchomwa, akasema.

— Mi sikusema hakuchomwa, Honoré akamrudi. Pengine bale bantu ba sindano balipita pale, bakaona paka ametulia mu kitunga, bakamuchoma bakaenda. Banapenda kazi, bale.

— Bila kubisha hodi?

— Utabisha hodi kwa kitunga?

— Na hata kama hawakumuchoma, Mulenda akasema, kuko ile ya mwaka jana. Sindano ikishaingia mu mwili, itatokea wapi? Paka hana mufuko.

— Ile gari inakuja kila mwaka, Redio. Ingekuwa moja inatosha, bangekuja kufanya nini?

— Kutembea! Sikiliza, Prezida, nikufundishe. Panya wa hapa banakula kila kitu. Banakula sabuni, banakula dawa, wamoja balikula ile dawa ya minyoo ya mama mukwe wangu na karatasi yake. Paka akimeza panya, amemeza pharmacie muzima. Yule paka wetu ana chanjo kupita mimi na wewe.

— Mi naogopa sindano yenyewe, Honoré akasema, akijisogeza mbele kama anayetoa siri. Binamu yangu analinda nyumba moja kule Lilongwe, karibu na City Centre. Paka ya pale inachomwa kila mwaka. Inaangaliwa meno, inaangaliwa masikio, inapewa dawa ya minyoo na kijiko. Munajua inafanya nini ikiona panya?

— Inafanya nini?

— Inamusalimia.

— Muli bwanji! Charlotte akapiga kelele, akashika mbavu.

— Cheka tu. Sindano inatoa hasira, na paka bila hasira ni muto wa kulalia.

— Lakini paka mwenye hasira kupita kiasi, Mulenda akasema, yule asiye na sindano, akipata wazimu, dawa yake ni moja. Fimbo. Mi siwezi kungoja mutu wa Dowa. Nitamumaliza, tuingize mwingine mu likelemba.

Vidole vya Cishahayo vikajikunja mfukoni. Zamu ya wiki hii ilikuwa yake, na alfajiri hiyo alikuwa amempelekea paka maziwa kwenye kifuniko. Mnyama alikuwa hajala tangu jana, amejibanza nyuma ya marobota ya vitambaa, na mkono ulipofika karibu alimuuma bila kunguruma, meno mawili chini ya kidole gumba. Cishahayo alifunga damu kwa kipande cha pamba, akamfunika paka kwa kitunga, akaweka jiwe juu. Tangu hapo alikuwa anabeba hofu mbili. Akisema, watamuua paka. Asiposema, huenda mwenyewe akapata ule wazimu.

Pembeni alikuwa amesimama Akeza, mwanamke aliyehamia mtaa huu mwezi huo, na sketi ya kufupishwa mkononi. Alikuwa amesalimia, wakaitikia bila kumwangalia, akangoja fundi ainuke. Fundi hakuinuka.

— Samahani bakubwa, akasema. Ni nani ameumwa?

— Kuumwa? Mulenda akamgeukia. Nani ameongea mambo ya kuumwa, dada?

— Huyu papa anauliza sindano ya paka, na kahawa yake imelala kwa kikombe. Nimewaza tu.

Mulenda akamtazama Honoré, Honoré akamtazama Charlotte. Charlotte alikuwa anautazama mfuko wa suruali ya Cishahayo.

— Toa mukono, akasema.

— Prezida, si kitu…

— Cishahayo. Toa.

Akautoa. Kile kipande cha pamba kilikuwa kimefungwa kwa uzi mweusi, kwa fundo safi la kifundi. Chini yake matundu mawili, madogo kama ya sindano ya cherehani.

— Haijavimba hata, Honoré akaanza. Kwa nyumba niko na kidonge kimoja cha…

— Nyamaza.

Charlotte hakupandisha sauti.

— Kaka yangu, kule Fizi, mbwa alimuuma mu muguu. Kidonda kikafunga, tukasahau. Alirudi kulima. Halafu siku moja tulimuletea maji ya kunywa, akayaogopa kama moto. Kichaa cha mbwa kilimumaliza wiki ile…

Mulenda akateremsha macho.

— Umenawa? Charlotte akauliza.

— Nilifuta.

— Kufuta si kunawa.

Akaingia ndani, akatoka na kipande cha sabuni na dumu la maji. Akeza akaweka sketi kwenye ubao, akashika dumu na kumimina polepole, huku Charlotte akisugua matundu yale kwa sabuni, akasuuza, akasugua tena. Cishahayo alipotaka kuvuta mkono, hakumwachia. Maji yalitiririka chini ya benchi mpaka viatu vya Honoré vikalowa, na Honoré hakusogea.

— Musimuue, Cishahayo akasema. Niko naye chini ya kitunga. Nimeweka jiwe.

— Nani anaua? Charlotte akasema.

Mulenda akasimama, akajipangusa suruali.

— Mi naenda kukaa kwa mulango yako. Simugusi, na mutoto hatapita pale. Nitamuchunga, na nitatuma mutu Dowa amuite muganga wa wanyama.

— Zamu si yako, Honoré akamkumbusha, si kwa ubishi.

— Leo ni yangu.

— Ya paka tutauliza nyuma, muganga akifika, Charlotte akamwambia Cishahayo, akimkausha mkono kwa khanga yake. Sindano yako wewe njo ya leo. Inuka uende kwa kituo cha afya, na uwaambie sawasawa: paka, alfajiri, hatujui kama alichanjwa. Dokta, umupeleke.

Wakaondoka wawili. Njia ilikuwa na watu na baiskeli za kabaza zinazobeba abiria, na Honoré alitembea upande wa kulia, ameushika ule mkono kwenye kiwiko, juu kidogo, asije mtu akaugonga. Walipita kanisa, wakapita kinu, na Honoré, aliyekuwa na jibu kwa kila uvimbe wa mtaa mzima, aliangalia njia tu.

— Dokta, Cishahayo akasema mwishowe. Mutu akiwahi, anapona?

Honoré akakaza vidole kwenye kiwiko.

— Mi si dokta, Cishahayo. Nakushika tu. Tuongeze mwendo.