Siku Nne za Tangi la Maji Moto

Mheshimiwa Meya wa Accrington, Mwenyekiti wa Bodi ya Chuo chetu cha Ufundi cha Whitewell Street, Mkuu wa Chuo Bi. Bernice Haworth, Mtahini wetu Bi. Winifred Ogden, wahitimu kumi na mmoja mliokaa mbele mkiwa mmevaa tai ambazo nina hakika nusu yazo ni za kuazima, ndugu, wenza na wazazi wao, na akina mama wa jikoni waliotuokea pai za nyama na vitunguu: nawasalimu wote, kila mmoja kwa cheo chake, na njaa yake.

Naitwa Keith Entwistle. Nimekuwa fundi bomba miaka thelathini na moja, na mke wangu aliyekaa pale nyuma atawaambia kwamba bomba la bafuni kwetu linavuja tangu Pasaka.

Ndugu zangu, baba zetu walikuwa na tangi la maji moto lenye bomba la kupumulia lililopanda hadi darini. Likichemka kupita kiasi, lilipiga chafya kule juu, mama akapanda na ndoo, mambo yakaisha. Matangi ya leo yamefungwa kote, yanasukumwa na maji ya bomba kuu la barabarani moja kwa moja, na yanakupa bafu la mvua la kukung'oa nywele. Lakini kitu kilichofungwa, kikichemshwa bila pa kupumulia, hakipigi chafya. Kinabomoa nyumba. Ndiyo maana kina vali ya usalama, inayotoa maji nje presha ikizidi, na ndiyo maana kila mwaka fundi anapaswa kuja kuikagua. Je, fundi huyo amefundishwa nini?

Nitawaambia mimi nilifundishwa nini. Nilikaa siku moja katika ukumbi wa hoteli kando ya barabara kuu. Tuliangalia picha ukutani hadi saa sita, tukala mikate ya mayai, tukapewa maswali ishirini na matano. Mwalimu wetu, mtu mwema sana, alikuwa anakohoa kila tulipokaribia jibu sahihi. Jioni nilitoka na kadi ya ruhusa ya kazi yenye picha yangu, na sikuwa nimeligusa tangi hata kwa kidole. Mkate wa mayai niliugusa mara nne.

Mwezi uliofuata nikaitwa Rishton, kwa Bi. Doreen Catlow, mjane wa miaka sabini na tisa. Vali yake ya usalama ilikuwa inadondosha maji, tone kwa tone, hadi nje kwenye mawe yake ya mlangoni aliyoyasugua kila Jumamosi. Alinipa chai. Alinipa biskuti. Akaniambia, "Mwanangu, sitaki kukusumbua, lakini lile tone linanifanya nisilale. Huwezi kulinyamazisha tu?"

Sasa nyinyi ni watu wa hapa, mnajua ugonjwa wetu. Mtu akishatupatia chai hatuwezi kumwambia hapana. Tutakosea kazi, tutavunja sheria, lakini adabu hatutaivunja. Nikatoa kizibo mfukoni, nikakikaza kwenye mdomo wa vali. Tone likanyamaza. Bi. Catlow akanifungia biskuti za njiani.

Siku tatu baadaye Imtiaz Kayani, fundi mwenzangu, alikwenda pale kurekebisha sinki. Akanipigia simu.

"Keith, uko wapi?"

"Blackburn, kazini. Kwa nini?"

"Kaa chini kwanza. Umemziba mtu mdomo na pua, halafu umeacha moto unawaka chini yake."

"Lakini kadi ninayo, Imtiaz."

"Kadi hata mimi ninayo, ndugu yangu. Paka wangu angekaa siku nzima kwenye ile hoteli bila kulala, naye angekuwa nayo."

Imtiaz alikitoa kile kizibo, na Bi. Catlow hakupata hata mchubuko, namshukuru Mungu na namshukuru Imtiaz. Lakini mimi niliacha kulala vizuri. Kwa nini tone lile lilidondoka? Kwa sababu mto wa hewa, ile hewa inayobaki juu ya maji ndani ya tangi, ulikuwa umekwisha, na maji yakipashwa hutanuka, yakikosa nafasi hutafuta mlango. Ni kazi ya nusu saa kuurudisha. Hakuna aliyewahi kunionyesha.

Basi mimi na Imtiaz tukaja kumgongea mlango Bi. Haworth. Tuliomba siku nne badala ya moja, na matangi manane yenye maji na moto wa kweli. Bodi ilitusikiliza kwa upole, na upole wa bodi mnaujua. Ikasema: mwaka mmoja wa majaribio, mtahini atoke nje ya chuo, na akianguka hata mwanafunzi mmoja wa darasa la kwanza, mnarudi kwenye siku moja. Mwenyekiti, sikulaumu. Nilikulaumu mwaka jana, sasa nimemaliza.

Alhamisi iliyopita walipita kumi. Akabaki Lorraine Pilling, aliyepika chakula cha shule miaka kumi na mitano kabla ya kushika spana. Kila kitu kikawa mikononi mwake. Mimi na Imtiaz tulisimama nyuma ya kioo, Imtiaz akisoma dua, mimi nikitafuna kalamu ambayo haikuwa yangu.

Bi. Ogden alijifanya mwenye nyumba. Ndugu zangu, yule mama angeweza kuigiza jukwaani. Tangi linadondosha, naye anamimina chai.

"Keti, mpenzi. Maziwa? Binti yangu anaolewa kesho, wageni watapita pale pale kwenye mawe. Fundi wa mwaka jana aliniahidi angeweka kizibo kidogo tu."

"Alikiweka?" Lorraine akauliza.

"Hakukiweka. Lakini wewe una uso wa huruma."

Lorraine akaipokea chai. Nikafumba macho. Akanywa funda moja, akaiweka chini.

"Chai yako nzuri, mama, na nitaimaliza. Lakini kizibo sikiweki. Nikikiweka, hiyo harusi itaingia kwenye magazeti."

"Hata nikikuomba?"

"Hata ukipiga magoti. Na ukimwita mwingine akuwekee, nitazima umeme na nitabandika karatasi ya onyo yenye jina langu."

Kisha akazima umeme, akafunga maji baridi, akafungua bomba la chini kabisa, akaifungua vali kwa mkono hadi maji yakaacha kutoka, ili hewa irudi ndani. Akajaza tena, akawasha, akasubiri lipate moto. Halikudondosha hata tone. Bi. Ogden akakunja karatasi zake, akasema maneno mawili: "Amepita. Wote."

Asubuhi ya leo Bodi imetia sahihi. Siku nne ni za kudumu, na vyuo vya Burnley na Nelson vimeomba kuja kuiga. Tumeshinda, ndugu zangu, na nasema hivyo bila unyenyekevu wowote.

Wahitimu, kuanzia Jumatatu mtakuwa peke yenu kwenye makabati ya matangi majumbani mwa watu, bila kioo na bila mimi. Mtaombwa kwa upole. Kataeni kwa upole, halafu tengenezeni.

Mheshimiwa Meya, vyeti viko mezani kwako. Naomba tuanze na Lorraine Pilling. Simama, Lorraine, njoo mbele, wakuone.

Nanyi nyote mlioniazima masikio yenu huku pai zikipoa, nawashukuru kwa kunisikiliza.