Ndoo ya Machicha

Tulieni, ndugu zangu. Mlio mbele ketini, mlio nyuma sogeeni, na wewe uliyeshika kikombe kiweke chini kidogo, kwa kuwa neno la leo linakihusu. Nitawapeleka kwenye kona moja ya mtaa, pale ukuta wa ghala kuukuu unapokutana na miguu ya kilima cha mawe meupe. Hapo pana benchi: ubao mmoja mpana uliolazwa juu ya mawe, ukalainishwa na makalio ya watu mpaka ukang'aa kama madhabahu. Mbele yake pana jiko la mkaa, juu ya jiko birika, na nyuma ya birika muuza kahawa ambaye wote humwita Shangazi, ingawa hakuna aliyewahi kumwona kaka yake. Jua laweza kuuchoma mtaa mzima hata lami ikalegea, lakini benchini miguu ya mtu hupoa kama aliyeitumbukiza kisimani. Wenyeji wa benchi hilo hubishania kila jambo lililo chini ya mbingu. Juu ya ubaridi huo hawakuwahi kubishana, maana ni wao waliokuwa wakiufaidi, na mwanadamu haichunguzi baraka iliyo miguuni pake.

Wenyeji walikuwa watatu. Jaji hakuwa jaji. Alikuwa bawabu wa mahakama hata akastaafu, aliwafungulia watu mlango maisha yake yote, na kwa kuzisikia hukumu nyingi akaona naye aweza kuzitoa. Wembe alikuwa kinyozi wa kibanda cha jirani, mtu wa kumwacha mteja na povu kidevuni ili asipitwe na neno. Wa tatu ni Redio, fundi wa redio, aliyepewa jina hilo si kwa kazi yake bali kwa kukosa kitufe cha kuzimia.

Siku hiyo neno lilikuwa lile lile la kila siku ya mapumziko: wale watu wa nyuma ya ghala. Alikuwamo muuguzi, mwalimu, fundi wa magari na wengine wachache, wamevaa kofia ngumu zenye taa mchana kweupe, wanachimba. Hakuna aliyewaajiri wala aliyewalipa. Walikuwa wakitafuta mlango mpya wa pango lililo chini ya kilima, nao walijipanga mstari mmoja wakipokezana ndoo za mawe na udongo, mkono kwa mkono. Lakini mavuno yalikuwa mengi na watenda kazi wachache. Katikati ya mstari palibaki pengo, na yule aliyesimama kando ya pengo ilimbidi atembee na ndoo, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Benchini palikuwa na mikono sita. Yote ilikuwa imeshika vikombe.

— Mimi nasema ni hazina, alisema Wembe. Mtu hachimbi bure bure. Hata kuku akichakura ana sababu zake.

— Hazina wapi, Redio akamkatiza. Wale wanatoboa njia ya chini kwa chini. Siku moja utasikia wametokea ng'ambo, wamevaa mashati mapya, na sisi tuko hapa hapa tunapuliza kahawa.

— Mchimba kisima huingia mwenyewe, Jaji akahukumu.

— Sasa, Jaji, hawa wanaingia kwa hiari yao, tena kwa kamba. Hiyo methali wameshaiharibu.

— Methali haiharibiki. Watu ndio wanaoharibika.

Wakacheka. Hapa nawaomba msiwe wepesi kucheka pamoja nao. Miongoni mwa wachimbaji alikuwamo fundi cherehani mmoja, mwanamke mwenye vidole vya kutunga uzi na mabega ya kubeba mawe, naye ni binti wa pekee wa Jaji. Pango lile lina mlango wa zamani juu kilimani, pale kijito kinapozama ardhini. Mvua ikinyesha, kijito huujaza mlango huo hadi darini. Mvua zilizopita maji yalimfungia ndani yeye na wenzake wawili, hata yalipopungua kesho yake. Jaji alisimama kando ya maji yale, viatu vyake mkononi, asiketi wala asinene. Binti alipotoka akiwa hai, mzee alimfunika koti lake, akamkataza asiingie tena. Naye akamjibu kwa upole kwamba chini ya kilima kuna ukumbi ambao Mungu aliupamba bila kumwalika mtazamaji hata mmoja, na yeye hawezi kuuona kisha akajifanya hakuuona. Kwamba akiacha yeye, wenzake wataingia, na maji ni yale yale. Dawa si kuacha, alisema. Dawa ni mlango mwingine, ulio pakavu.

Tangu hapo waliishi nyumba moja kama majirani: salamu, chakula, kimya. Na mzee akaihamishia hofu yake benchini, akaivika kejeli, kwa maana hofu iliyovaa kejeli hakuna anayeijulia hali. Msimkasirikie. Wangapi kati yetu hucheka kwa sababu hiyo hiyo?

Basi siku hiyo mawingu yalikuwa yamekwisha kurundikana mgongoni mwa kilima, na shimo la nyuma ya ghala lilikuwa likiporomoka kila lilipofika kina cha kutia matumaini. Ndipo yule fundi cherehani alipoizunguka kona, tope magotini, kofia kichwani, ndoo mkononi.

— Shikamoo, baba. Shikamooni, wazee. Shangazi, shikamoo.

Waliitikia, Jaji akiwa wa mwisho. Aliitua ndoo mbele yao, akasema ana jambo limemshinda, na kwa kuwa hapa ndipo mambo yote hupata majibu, amelileta hapa. Asubuhi aliingia kwa mlango wa kijito, akaufuata upepo baridi unaovuma mle ndani, akapanda mwanya mmoja mwembamba mpaka mwisho wake, ambapo mawe yaliyolegea yamekaa kama kifuniko. Katikati ya mawe hayo ndipo alipokwangua alichokileta. Wazee wakainama. Ndani ya ndoo mlikuwa na lundo jeusi lenye unyevu, maganda ya karanga, njiti za kiberiti na kizibo cha soda.

Redio alichota kidogo, akanusa.

— Hii kahawa.

— Ni kahawa, fundi. Nimeitoa chini ya kilima. Naomba mnieleze imefikaje huko.

Ndugu zangu, Sulemani mwenyewe, alipoletewa mafumbo na malkia wa mbali, hakufurahi kama walivyofurahi watu hawa watatu. Shangazi aliwajazia vikombe bila kuombwa. Wembe akatangulia: akasema huo ni mbuni wa porini unaoota kichwa chini, mizizi juu, na buni zake hujichoma zenyewe kwa joto la ardhi. Alipoulizwa maganda ya karanga yametoka wapi, alijibu kwamba asiyejua maana haambiwi maana, akanyamaza kwa heshima kubwa. Redio hakuridhika.

— Huko chini kuna watu, alisema. Wana benchi lao, wana kahawa yao. Hata sasa hivi wamekaa, wanabishana kama huku juu kuna watu ama hakuna.

— Na kinyozi wanaye?

— Wanaye. Tena wa kwao anamaliza kichwa chote.

— Na wewe je, wana Redio wao?

— Hawana, alisema Shangazi. Ndiyo maana miaka yote hatujawasikia.

Fundi cherehani alicheka nao, lakini macho yake yalirudi kwenye mawingu. Aliwaeleza kwamba amekwisha kuuliza kwenye mgahawa wa juu, na kwenye nyumba zote za ukingo wa kilima, na kila mtu amemwonyesha pipa la taka. Kama angejua kahawa hii inaingilia wapi, wangeliacha lile shimo bovu na kuchimba hapo, maana panapopita machicha pana uwazi. Mvua ikiwawahi, shimo litajaa, nao watarudi kwenye mlango wa maji.

— Si lazima mrudi, alisema Jaji, bila kumtazama.

— Si lazima, baba. Lakini tutarudi.

 Jaji, ili mkono wake upate kazi, alikitoa kile kizibo kwenye ndoo, akakifuta kwa kidole. Kilikuwa kimebonyezwa upande mmoja kwa meno.

— Wanacheza na drafti hao, alisema Redio kwa furaha. Jaji, si unakumbuka kete yako ya kizibo iliyopotea ukiwa na kingi, ukaniambia nimeimeza? Sasa umemjua mwizi. Niombe radhi mbele ya mwanao.

Jaji hakuomba radhi. Alikigeuza kizibo, akakigeuza tena, kama mtu aliyeisikia sauti anayoijua chumba cha pili na hakumbuki ni ya nani.

Wakati huo alifika mgeni, mwanamke mtu mzima ambaye hakuna aliyemjua, mwavuli kwapani, jasho shingoni. Akaagiza kahawa. Benchi halikusogea kumpa nafasi, ila Wembe alimkaribisha kwa maneno.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake, mama, hapa kwetu mgeni ndiye anayewanywesha wenyeji.

Mwanamke akatabasamu, akajinunulia kikombe kimoja, akakinywa kwa utulivu akiwa amesimama, kama mtu ambaye si mara yake ya kwanza kukaribishwa hivyo. Alipomaliza, alikitazama kikombe chake, akatazama kushoto, akatazama kulia.

— Samahani, haya machicha nimwage wapi?

Mikono minne ilinyooka pamoja. Wa Wembe, wa Redio, wa Jaji wenye kizibo, na wa Shangazi wenye kijiko cha birika. Yote ikaelekea mahali pamoja, chini ya benchi, kwenye ufa ulio kati ya mawe mawili, ambamo kila siku ya kazi na ya mapumziko walimimina masalio yao, nao haukujaa kamwe, wala hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini. Mikono ilinyooka, kisha ikasimama hapo hapo hewani. Hakuna aliyeishusha. Hakuna aliyefumbua kinywa. Hata Redio, kwa mara ya kwanza tangu afahamike mtaani, alizima.

— Wapi, jamani? mgeni akarudia, akidhani hawakumsikia.

Jaji aliinama. Aliinama kwa shida, goti moja kwanza, kisha la pili, kama mtu anayekwenda kusali, akaupeleka mgongo wa mkono wake kwenye ufa. Ule ubaridi wa miaka yote ulimpitia vidoleni. Ulikuwa ukivuma. Mtu aliyeishi kwa kulinda mlango hahitaji kuelezwa upepo wa mlangoni. Alipouinua uso, kejeli ilikuwa imemdondoka yote, na hofu iliyokuwa chini yake ikaonekana na kila mtu.

— Mama, alimwambia binti yake. Nimekalia mlango. Nimeukalia, tena nimekuwa nikiuziba.

 Fundi cherehani alimshika mkono, akamwinua, akampangusa magoti kama wazazi wanavyowapangusa watoto.

— Wembe, alisema Jaji, shika upande huo wa ubao.

— Na kahawa yangu?

— Shangazi akushikie.

Wakaunyanyua. Ubao uliokuwa mzito kuliko hoja zote zilizotolewa juu yake uliondoka kwa pumzi moja. Wa nyuma ya ghala waliitwa, wakaja na mitaimbo na mbao za kuegemeza ukuta na kingo, na mstari wa ndoo ukapangwa upya. Redio akaingia katikati, pale palipokuwa na pengo, na Shangazi akafunga kanga kiunoni akasimama baada yake. Yalitoka mawe, yakatoka machicha yaliyogeuka udongo, yakatoka maganda ya karanga ya watu ambao wengine walikwisha kuzikwa. Matone ya kwanza yalikuwa yakilia juu ya jiko, tss, tss, wakati mtaimbo wa fundi wa magari ulipomponyoka mkononi ukazama, wala haukugusa kitu. Upepo ukapanda, ukazipeperusha ncha za kilemba cha mgeni. 

Redio alilala kifudifudi, akauweka mdomo kwenye shimo.

— Hodi.

Wakangoja.

— Wapo, alisema Wembe. Ila umewakuta wanabishana.

Ndipo binti alipoifunga kamba, akalijaribu fundo, na mwisho wake mwingine akamkabidhi baba yake. Hakumwomba ruhusa, naye hakumkataza. Akamwambia tu, shika, baba, usitoke mlangoni. Mzee aliizungusha kamba mgongoni mwake, akaukanyagia mguu kwenye jiwe, akasimama wima katika mvua kama alivyosimama siku zote za kazi yake, mtu wa mlango aliyerudishiwa mlango.

Mgeni alikuwa bado amekishika kikombe. Ilibidi amwage machicha yake barabarani.

Na sasa nakugeukia wewe uliyenisikiliza hadi hapa, ukiwacheka wenzako. Umekalia nini? Kuna mtu wa nyumba yako anayechimba kwa mikono yake nyuma ya ukuta, na mvua inakuja, na wewe umemhukumu asubuhi nzima huku ukimimina masalio ya kikombe chako ndani ya njia yake ya kutokea. Hukufanya kwa chuki, najua. Ulifanya kwa mazoea, na pengine kwa hofu. Bwana anaijua hofu yako, hakuicheka, wala mimi siicheki. Lakini usiulize tena ni nani atakayeliondoa jiwe, na wewe ndiwe uliyelikalia. Acha kumtolea hukumu mtu ambaye hujamwuliza. Acha kikombe. Inuka hivi leo, mwenzako akiwa bado mzima, inama, ushike upande wako wa ubao.